Kila Kilichosemwa Baada ya "Ila"

Wiki ya tatu sasa tangu nirudishe funguo za chumba cha mitambo, na bado nikipita karibu na kitu chochote chenye taa za kijani zinazomemeteka nasimama kukitazama. Juzi nilisimama hivyo dukani, mbele ya mashine ya kutoa risiti, hadi mwenye duka akaniuliza kama nataka kuinunua. Nyinyi wanangu mliobaki ofisini mmeniomba niandike niliyoyaona. Haya, nitaandika, lakini msitarajie orodha ya vyeo. Vyeo vyangu vingi nilivipata kwa sababu aliyekuwa mbele yangu alichoka akaenda zake. Nitawaandikia habari za waya, za swichi, za Mzee Kahindi, na za siku moja kule njia ya Marafa ambayo hata leo nikiikumbuka moyo wanienda mbio.

Nilianza kazi nikiwa msichana wa Malindi mjini, buibui jipya, na viatu ambavyo havikuwahi kuona ngazi. Mzee Kahindi, fundi wa simu mtu wa Kakuyuni, ndiye niliyekabidhiwa kwake, naye alinipokea kama mtu aliyeletewa mzigo wa jirani. Nikamwambia, "Shikamoo, mzee." Akanijibu, "Marahaba. Shika hii." Hiyo ilikuwa koleo ya kubania vichwa vya waya. Siku nzima sikusikia neno jingine kutoka kwake isipokuwa majina ya rangi, nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, mpaka nikaziota zikiwa zimejipanga mstari.

Alikuwa na kanuni mbili tu. Ya kwanza, kila amri unayoiandika kwenye mtambo uisome kwa sauti kabla ya kubonyeza. Kwa sauti, si moyoni, kwa sababu moyo husoma unachotaka. Ya pili ilinitesa zaidi. "Kwenye laini hapana salamu," aliniambia. "Wataka kumjulia mtu hali, mfuate kwake." Kupima simu kwake kulikuwa hivi: unapiga, unasema "Wasikia?", yule anasema "Nasikia", unasema "Haya", unakata. Sekunde kumi, na jina la kituo linatiwa alama ya sawa.

Mimi nimelelewa nyumba ambayo ukimwingilia mtu na haja yako kabla ya kumuuliza wa kwake wameamkaje, bibi anakurudisha mlangoni uingie upya. Mwezi wa kwanza nilikuwa naziba kinasa sauti kwa kiganja, nanong'ona "u hali gani" kisha ndipo nasema "Wasikia?". Mzee aliniona, akaangalia dari tu. Mwaka ulipopita nikawa nimepona kabisa. Mama yangu mwenyewe alilalamika kwamba siku hizi Zuhura apiga simu kama askari.

Miaka ikaenda, waya za shaba zikaondoka, na Mzee Kahindi naye akastaafu akarudi Kakuyuni kwa mikorosho yake. Zikaja swichi za kuunganishia kompyuta. Lo! Nyinyi mlizikuta zimeshajaa kila mahali, hamuwezi kujua furaha niliyokuwa nayo siku ya kwanza nilipofungua boksi nikakuta sanduku jembamba, matundu ishirini na nne, kila tundu mlango wa mtumiaji mmoja, na mimi nimekaa Malindi naweza kuufungua na kuufunga mlango ulioko Tezo bila kuinuka kitini. Nilikula chakula cha mchana mbele yake kama mtu aliye na mgeni.

Tuliunganisha zahanati ndogondogo na hospitali mjini, hata ile ya njia ya Marafa, kwa mnara na antena. Kompyuta za kuandikia wagonjwa na simu za mezani, vyote vilipita mtandao huo mmoja. Ilikuwa muhimu, maana kule Marafa zahanati imekaa bondeni na simu ya mkononi haishiki vizuri. Wataka kuzungumza, utoke hadi nyuma ya tangi la maji, usimame juu ya jiwe, na uombe Mungu.

Kisha siku moja mtandao wote ukaanguka. Kilifi hakuna, Malindi hakuna, Marafa hakuna. Tukahangaika asubuhi nzima, na kumbe ni kompyuta moja tu kule Tezo! Karani alikuwa amechomeka kidude cha kuhifadhia mafaili alichoazima kwa shemejiye, na virusi vilivyokuwa ndani vikaanza kumwaga pakiti kwa maelfu kila sekunde. Pakiti, kwa mgeni atakayesoma haya, ni kile kifurushi kidogo ambacho maneno na picha zote hukatwakatwa na kutiwa ndani yake ili zisafiri. Mtu mmoja akizituma kama kichaa, wengine wote hawapati njia.

Nikasema, hili halirudi. Nikaamua kumwekea kila mtumiaji kikomo chake cha pakiti kwa sekunde, kwenye kila tundu, kila swichi, kila kituo. Ni kazi tamu, wanangu, msione wengine wanavyoikunjia uso! Fikirieni pipa la maji. Kila mtumiaji ana pipa lake, na kila pakiti anayoituma ni kata moja ya maji anayoichota. Bomba lajaza pipa taratibu, kwa kasi utakayoiamua wewe. Mtu akichota pole pole pipa halikauki kamwe. Akichota kwa pupa, pipa lakauka, na pakiti zinazozidi zatupwa. Kwa hivyo waamua mambo mawili: bomba latoa kiasi gani, na pipa ni kubwa kiasi gani.

Nilipima makarani wetu wiki mbili, na aliyekuwa na haraka kuliko wote hakufika pakiti thelathini kwa sekunde. Nikaweka bomba la arobaini, na pipa la mia sita, nikajiona mkarimu. Kisha nikapima. Kompyuta sawa. Simu za mezani nazo nilizipima, moja baada ya nyingine, kama nilivyofunzwa: "Wasikia?" "Nasikia." "Haya." Zote sawa. Nilitembea hadi nyumbani natabasamu peke yangu njiani, na watu wa mtaani wakadhani nimeposwa tena.

Haikupita wiki, Sista Sidi akaanza. Sista Sidi ndiye muuguzi wa ile zahanati ya njia ya Marafa, mama wa Kigiriama mwenye sauti ya kuita ng'ombe na adabu ya kuwapokea wakwe. Akapenyeza ujumbe: simu mbovu. Nikampigia, "Wasikia?" Akasema, "Nasikia, Bi Zuhura, waambaje, wa huko hawajambo?" Nikasema, "Haya," nikakata. Laini sawa. Baada ya siku mbili ujumbe mwingine: simu mbovu. Nikapiga tena, sawa tena. Mara ya tatu alimtuma dereva wa gari la chanjo aniletee maneno yake mdomoni, naye kijana wa watu aliyasema akiangalia chini: "Sista asema, simu yenu yapenda salamu, shida haipendi."

Nilikasirika, sitaficha. Nikamuuliza Daktari Athman, mzee wetu wa wodi ya wazazi hospitalini, ambaye Sidi humpigia akitaka ushauri. Akaniambia, "Marafa? Marafa wazima. Kila siku Sidi aniambia habari njema, kisha simu yakatika." Nikaona basi, tatizo ni antena. Nikabeba ngazi, kebo mpya na laptopu, nikapanda gari nikaenda mwenyewe.

Hiyo ndiyo siku yenyewe. Nilifika mapema, nikapanda paani, nikakaza antena, nikabadilisha kebo, nikapangusa vumbi jekundu lililoingia mpaka masikioni mwangu. Nikashuka nikapiga simu Malindi. "Wasikia?" "Nasikia." Nikamgeukia Sidi nikamwambia, "Haya, imepona." Sidi akanitazama kutoka ukucha hadi utosi. "Bi Zuhura," akasema, "wewe wazungumza na watu hivyo?"

Bodaboda iliingia uani kwa kasi, dereva mbele, mume nyuma, na katikati yao mwanamke mjamzito ameshikiliwa asianguke. Alikuwa mtoto wa watu, mimba yake ya kwanza, na macho yalikuwa yamegeuka juu. Walipomlaza kitandani mwili wote ukaanza kutetemeka. Sidi alimpima presha, akamlaza ubavu, akasema maneno matatu, "Kifafa cha mimba," na sauti yake ya kuita ng'ombe ikawa ndogo.

Dawa ilikuwapo. Lakini chupa zilizoletwa mwezi huo zilikuwa za nguvu tofauti na zile alizozizoea, na karatasi ya ukutani ilikuwa ya zile za zamani. Ikizidi, dawa yenyewe yaweza kumzuia mama pumzi. Ikipungua, degedege larudi, naye na mtoto waenda. Sidi alitaka kitu kimoja tu kutoka kwa Daktari Athman: mililita ngapi.

Akapiga. Aliyepokea alikuwa mhudumu wa wodi, naye akaamkia, na Sidi akaitikia upesi akasema nitafutie Daktari. Tukangoja. Nikasikia hatua, nikasikia mlango. Daktari akashika. Sidi alisema, "Shikamoo, Daktari." "Marahaba, Sidi, habari za Marafa?"

Na Sidi, mgonjwa akiwa nyuma yake, akasema kama ambavyo mimi na nyinyi na kila mtu wa pwani hii angesema. Akasema, "Njema, Daktari, ila..."

Hapo simu ikaanza kukatakata. Maneno ya Sidi, Daktari aliniambia baadaye, yalimfikia "Ma... mba... fa... chu..." Kule upande wa pili Daktari akisema "Sidi? Sidi?" na jina lake mwenyewe lafika vipande vipande. Nami nilikuwa nimesimama mbele ya saa ya ukutani, na macho yangu, kwa mazoea tu, yalikuwa kwenye mshale wa sekunde. Dakika moja. Dakika moja kamili tangu simu ipokewe!

Simu ya mezani hutuma pakiti hamsini kila sekunde, uongee ama unyamaze, tangu unapoishika. Bomba langu latia arobaini. Kila sekunde pipa lapungukiwa kumi, na pipa ni la mia sita. Hesabu ya mtoto wa shule! Kwa dakika ya kwanza simu yaimba kama kinanda. Baada ya hapo neno moja katika kila matano latupwa. Na ni mtu gani wa Malindi, ni Mgiriama gani, anayemaliza kusalimia kabla ya dakika? Wiki zote hizo Daktari alikuwa amesikia "njema" ya Sidi, na kila kilichosemwa baada ya "ila" nilikitupa mimi.

Sidi alikuwa akiinua mkono aweke simu chini apige upya. "Usikate!" nikapiga kelele. "Ukikata tutampoteza Daktari, ataenda zake! Mshike hapo hapo!"

Nikajitupa chini ya meza ambapo swichi imefungwa, nikachomeka laptopu. Vidole vilikuwa na vumbi na jasho. Nikaandika amri ya kuondoa kikomo kwenye tundu la simu ile. Nikaisoma kwa sauti, nikiwa nimelala kifudifudi, mume wa yule mama akiniangalia kama mtu aliyeona mwalimu wa madrasa akizungumza na kabati. Nambari ya tundu ilikuwa siyo! Nilikuwa nimeandika la antena, na kama ningebonyeza, zahanati yote ingezimika. Mungu amweke Mzee Kahindi. Nikarekebisha, nikasoma tena, nikabonyeza.

"Sidi, sema!"

Akasema. Alisema yote, presha, miezi, degedege, chupa mpya, nguvu yake, bila kuvuta pumzi. Nikasikia kule Daktari akisema jambo kwa haraka. Lakini sisi tulisikia, "Nas... sasa... pe... ku... na... ne."

Sidi akanigeukia. "Asema kumi na nne? Ama nne? Ama arobaini na nne?" Alikuwa ameshika bomba la sindano, na hakulijaza. "Sitii kwa kubahatisha, Zuhura. Siwezi."

Jamani, nilikuwa mpumbavu! Simu yake Daktari nayo ina pipa lake, kule Malindi, na ni mimi niliyeliweka. Nikaingia kwenye swichi ya hospitali kwa mtandao nikiwa pale pale sakafuni. Zahanati imejaa sauti: yule mama akoroma, mumewe aomba dua, Sidi apiga kelele kwenye simu "Usiende Daktari, usiende!" Nami nasoma amri kwa sauti yangu yote kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Swichi. Tundu la kumi na moja. Ondoa kikomo. Nikabonyeza.

"...nasema kumi na nne, Sidi, wanisikia? Kumi na nne, polepole, na gari nimeshaliamrisha laja."

Ilifika kama mtu amesimama chumbani. Sidi akarudia, "Kumi na nne, Daktari." "Kumi na nne." Akajaza, akadunga polepole, na Daktari alikaa naye simuni muda wote, dakika kumi, kumi na tano, hata neno moja lisipotee. Mtetemeko ukapungua, ukakoma. Gari la wagonjwa likaja na muuguzi ndani, wakampakia yule mama akiwa apumua lakini hajafumbua macho. Mumewe aliniita daktari akanipa mkono. Nilishindwa kumwambia mimi ni nani na nilifanya nini kabla ya siku hiyo.

Nilirudi Malindi bila kujua atapona au la. Kesho yake alfajiri nilikuwa ofisini, nazipitia swichi zote, kituo kwa kituo, kila simu naipa pipa na bomba lake mbali na kompyuta. Katikati ya kazi nikampigia Mzee Kahindi. "Sema," akasema. Nikamsimulia yote, na nikamwambia kwamba nilipima kwa sekunde kumi, kama alivyonifunza. Kisha akasema, "Waya wa shaba haukuwa na pipa, Zuhura." Akaendelea, "Na wewe mtoto ulikuwa ukisalimia vizuri. Mimi ndimi niliyekuharibu." Kwa Mzee Kahindi hiyo ni hotuba.

Ndipo simu ya mezani ikalia. Nambari ya Marafa. Niliishika kwa mikono miwili.

"Bi Zuhura," Sidi akasema, "waamkaje?"

"Sidi! Yule mama..."

"Nakuuliza waamkaje."

Nikatazama saa. "Nimeamka vyema," nikasema, "sijui nyinyi."

"Sisi twashukuru. Wa nyumbani?" Hawajambo. "Mamako na miguu?" Ana nafuu. "Watoto?" Wazima. "Safari yako jana, ulifika salama?" Nilifika. "Vumbi limetoka masikioni?" Limetoka, Sidi. Mshale ukapita dakika moja. Sauti yake ilikuwa safi, kila silabi mahali pake. Akaniuliza habari za mvua. Akaniuliza habari za bei ya nazi, na za wale majirani zangu ambao hata hawajui. Dakika mbili. Dakika tatu. Hakuna kilichokatika.

"Na huko kwenu, Sidi?" nikauliza, machozi yakinitoka bila haya. "Habari za Marafa?"

"Njema," akasema, "ila..." Akanyamaza, mwanamke yule, makusudi kabisa! Nilisikia pumzi zake. Nikasikia jogoo uani kwake.

"Ila nini, Sidi?"

"Ila nguo za mtoto hatuna, maana ni wawili. Na hatukujua. Wamezaliwa usiku huko mjini, na mama yao amefumbua macho, aomba uji."

Nililia na kucheka hadi wenzangu wakaja mlangoni. Nilipopata sauti nikamwambia, "Sidi, hebu nisalimie tena, tangu mwanzo." Naye akavuta pumzi akaanza.